Nathi Kwenye Glasi

Kwa miezi saba niliishi kwa kuandika uongo kuhusu mvinyo.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Duka moja la kuuza pombe mtandaoni, ambalo sitalitaja, lilikuwa linanitumia orodha ya chupa kila Jumatatu. Nilitakiwa kuandika maneno arobaini kwa kila chupa: inanukia nini, ladha yake ni gani, inafaa na chakula kipi. Chupa zenyewe sikutumiwa. Nilikuwa nafungua kurasa tatu nne za Waingereza na za Afrika Kusini, nachanganya, napika upya. “Harufu ya gooseberry na nyasi iliyokatwa.” “Blackcurrant iliyoiva, na kwa mbali penseli iliyochongwa.” Penseli angalau naijua. Gooseberry sikuwa nimewahi kuiona, na hakuna mama wa matunda Kangemi aliyewahi kuniuzia.

Haikuniuma sana. Pesa zilichelewa lakini zilikuja. Shida ilianza Desemba, wakati binamu yangu alipokuwa anaandaliwa ruracio hapa kwetu Mountain View, na tata, dadake mathe, akanigeukia katikati ya kikao cha familia: “Si wewe ndiye mtaalamu wa waini? Chagua basi ya kuweka kwa meza ya wageni. Na usituaibishe.”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu aende kunywa kitu kwa sababu ya neno langu. Nikaamua angalau nichague kitu kilichoota mahali ninapopajua. Nikasema Leleshwa, ya Naivasha.

Shosho, aliyeshuka kutoka Kinangop siku hiyo na bado alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba, akainua kichwa. “Zabibu? Naivasha? Na hiyo baridi ya usiku?”

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kusoma kuhusu mvinyo, na makala hii ni jaribio la kulijibu.

Kwanza nilizunguka kuitafuta. Ukishuka Kangemi ukitembea kufuata Waiyaki Way, hutakosa maduka yaliyoandikwa “Wines & Spirits” mlangoni. Spirit ni nyingi, waini ni ya kutafuta. Muuzaji yuko nyuma ya vyuma kama karani wa benki, unaomba robo au mzinga, unapitishiwa kwa kidirisha. Waini ukiipata ni 4th Street tamu ya Afrika Kusini au Caprice ya katoni. Nilipouliza Leleshwa, jamaa akacheka: “Leleshwa? Si hiyo ni makaa?”

Na hakukosea. Leleshwa ni kichaka cha Bonde la Ufa, majani yake ya kijivu, meupe upande wa chini, yanayonukia kama kafuri ukiyafikicha. Jina limetoka kwa Wamaasai, ambao morani wao walikuwa wanaweka majani hayo kwapani kuondoa jasho. Mti wake unatoa makaa mazuri, na kwa hiyo umekatwa sana. Kwa watu wa umri fulani hapa Nairobi, leleshwa ni kitu cha gunia na jiko. Kuliweka jina hilo kwenye chupa ya mvinyo ni uamuzi wa ujasiri. Mwingine angeita Chateau kitu fulani akamaliza. Nawapa alama moja kabla ya kufungua kizibo.

Mwishowe nilizipata supamaketi moja ya Westlands, rafu ya chini kabisa, chini ya Afrika Kusini, chini ya Uhispania, chini hata ya chupa ambazo nilikuwa nimeziandikia uongo. Nilinunua tatu: Sauvignon Blanc, ile nyekundu ya Merlot na Shiraz, na nyekundu tamu. Kila moja zaidi ya elfu moja. Kwa mtu wa pesa za kuchelewa, huo ni uhakiki wa gharama.

Wazo la mizabibu Naivasha si la jana. Miaka ya 1980 familia ya D'Olier ilipanda mizabibu karibu na ziwa na kutoa mvinyo wake: shamba dogo, mume na mke, kwenye udongo wa volkano. Enzi hizo mvinyo wa Kenya kwa watu wengi ulikuwa wa papai, wa Kenya Wine Agencies, kampuni iliyoanzishwa 1969. Leleshwa ilikuja baadaye. Zabibu zake zinalimwa Morendat, upande wa Naivasha unaoelekea Gilgil, na kampuni inayozisindika, Rift Valley Winery, ni ya familia ya Pius Ngugi, yule yule wa Kenya Nut, kampuni ya makadamia iliyoanza 1974.

Sasa jibu la shosho. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana Mombasa unalala bila shuka na Naivasha unatafuta blanketi, ilhali zote mbili ziko karibu na ikweta. Mchana Naivasha kuna jua kali la kupasua midomo, usiku baridi inashuka kutoka milimani, pamoja na kule kwa shosho. Zabibu inapenda mpangilio huo. Mchana inajaza sukari. Usiku baridi inailinda isiuteketeze ugwadu wake. Mahali penye joto mchana na usiku, tunda linaiva mbio, sukari inapanda, ugwadu unapotea, na mvinyo unatoka mzito, umelala. Kwa hiyo, shosho, baridi uliyoiona kama tatizo ndiyo inayoruhusu Sauvignon Blanc kuwepo hapa hata kidogo.

Tatizo lenyewe ni lingine. Mzabibu umezoea nchi zenye msimu wa baridi. Ufaransa majani yanaanguka, mti unalala miezi kadhaa, unaamka wote kwa pamoja. Naivasha haiko hata digrii moja kamili kusini mwa ikweta. Hakuna anayeuambia mzabibu saa ya kulala imefika. Ukiuacha, utachipua tu mwaka mzima, kishada kimoja kimeiva huku kingine ndio kwanza kinachanua, na hutavuna kitu cha maana. Lazima mkulima aulaze kwa mkono: anapogoa, anapunguza maji, anaulazimisha upumzike, kisha anauamsha kwa wakati anaoutaka yeye. Dodoma, ambako ni chini zaidi, mita 1,100 hivi, na kuna joto zaidi, wakulima wameligeuza jambo hilo kuwa faida na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini huko wana kiangazi kirefu cha kuwasaidia. Huku kwetu mvua zinakuja mara mbili, na mvua ikikuta kishada kimekaribia kuiva, ukungu unaingia.

Kwa maneno mengine, hiki ni kinywaji cha ubishi. Hilo unapaswa kulijua kabla ya kuonja, lakini halipaswi kuamua unachoonja. Nitarudi hapo.

Tulizifungua jikoni usiku wa kuamkia ruracio. Mimi, binamu mwenye shughuli, tata, na shosho aliyesema waziwazi, “Mimi sinywi. Naonja tu.” Glasi hazikutosha, kwa hiyo tata alipewa kikombe cha chai.

Tukaanza na nyeupe. Nikaweka pua ndani ya glasi na kichwa changu kikafanya kile kilichozoea kufanya kwa miezi saba. Gooseberry, kikasema. Nyasi iliyokatwa. Nikaona aibu peke yangu.

Shosho alilowesha ulimi, akanyamaza kidogo, akasema: “Hii ni nathi.”

Kama hujui nathi, ni yale matunda madogo ya njano yaliyojifunga ndani ya karatasi, yanayoota yenyewe kando ya shamba. Watoto wa kila kijiji cha baridi wamekula. Matamu mbele, gwadu nyuma, na harufu fulani ya jani bichi. Nikanusa tena. Ilikuwa nathi kabisa. Tata, kutoka kwa kikombe chake, akaongeza: “Na thabai. Ile harufu ya thabai ukianza kuichemsha.” Naye alikuwa sawa. Binamu akasema pasheni, ile ya zambarau iliyoanza kujikunja ngozi.

Katika dakika mbili, wanawake watatu ambao hawajasoma hata ukurasa mmoja wa mvinyo walikuwa wameandika maelezo bora kuliko yangu yote. Wala si kwamba wana vipaji vya ajabu. Walikuwa wanaonja, basi. Mimi nilikuwa nakumbuka nilichosoma.

Kuna kichekesho ndani yake pia. Waingereza wanaita nathi gooseberry ya Cape, ingawa si jamaa ya gooseberry yao hata kidogo. Ina maana kwamba nilipokuwa nanakili lile neno nisilolijua, tunda lililokaribia zaidi maana yake mezani kwangu lilikuwa linaota kwa shosho, na sikuwahi kuwaza kuliandika. Hakuna aliyenikataza. Nilidhani tu kwamba tunda likishakuwa na jina la Kikuyu haliwezi kuingia kwenye glasi.

Basi hukumu. Sauvignon Blanc ya Leleshwa ni mvinyo mzuri. Si mzuri “kwa Kenya”. Ni mzuri. Una ugwadu unaofanya mate yatoke, harufu yake iko wazi, na kwa tilapia iliyokaangwa na ndimu sioni kwa nini ununue kitu kingine. Kasoro yake ni kwamba unaisha mapema. Umeanza kuufurahia, ladha inakata, kama matatu iliyokushukisha stage moja kabla ya yako.

Ile nyekundu ya Merlot na Shiraz ni habari nyingine. Mwanzo wake ni matunda damu, yaani yale yale ya sokoni unayokamua na sukari. Napenda hapo. Kisha unakuja ukakasi. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu Kiswahili kina neno hili kamili, ukakasi, ile hali ya mdomo kukazana ukila pera bichi au ndizi ambayo haijaiva, na bado nimesoma watu wakihangaika kueleza tanini kwa aya nzima. Tunalo neno. Tulitumie. Ukakasi wa mvinyo huu ni mwingi kuliko tunda linaloubeba. Katikati pamepungua nyama. Nadhani, na hii ni dhana ya mnywaji tu, kwamba mvinyo huu unataka kuonekana umetoka Stellenbosch, ukavaa koti la kaka mkubwa na mabega yakalegea. Baridi ile ile inayoibeba nyeupe inaikatalia nyekundu ule unene unaoutaka. Ningependa kuonja nyekundu nyepesi zaidi kutoka huko, ya kunywa ikiwa baridi kidogo, isiyoona aibu kuwa ya matunda damu.

Ile tamu sina mengi ya kusema. Ni tamu. Sukari imeifunika Naivasha yote. Ungeniambia imetoka popote duniani ningekubali. Lakini uaminifu unanilazimu kuripoti kwamba siku ya ruracio ndiyo iliyoisha kwanza, na mjomba mmoja aliulizia kama kuna nyingine.

Sasa lile nililosema nitarudi kwalo. Nilipomwambia rafiki yangu kwamba naandika uhakiki wa Leleshwa na kwamba nyekundu haikunifurahisha, aliniambia: “Lakini mse, si ni yetu? Kwa nini uwaangushe?” Naielewa hoja hiyo. Naisikia pia kwenye uzinduzi wa vitabu. Mwandishi wetu ametoka, amejilipia uchapishaji, ameteseka, kwa hiyo tunapiga makofi, tunapiga picha, tunaandika kwamba kitabu “kinagusa”. Kisha hakuna anayekisoma mara ya pili, na mwandishi hajui kama sura ya nne ilikuwa mbovu. Makofi ya huruma ni aina ya kutosoma. Mwenzake ni yule anayekataa kitu kwa sababu ni cha hapa, bila kuonja. Wote wawili hawajafungua chupa.

Ndiyo, mzabibu ulilazwa kwa mkono na mvua ilitishia kishada. Hiyo ni sababu ya kuusikiliza mvinyo kwa makini. Haiwezi kuwa sababu ya kusema nyekundu ina nyama wakati haina.

Kuna uongo mwingine mtamu ambao niliandika mara nyingi sana kwenye kazi yangu: “shamba dogo la familia”. Neno familia linauza mvinyo. Msomaji anaona babu mwenye kofia, mbwa, machweo. Kwa hiyo nisiwauzie. Morendat ni shamba la familia, kweli, lakini ni familia yenye makadamia na kahawa. Na nadhani si ajali. Mzabibu mpya unahitaji miaka mitatu hivi kabla ya kukupa mavuno ya maana, na baada ya hapo bado hujajua ni aina gani inapenda udongo wako. Unapanda, unang'oa, unapanda tena. Nani hapa kwetu anaweza kungoja hivyo? Mwenye ekari mbili Kinangop anapanda viazi, kwa sababu karo ya Januari haingoji Merlot. Hata pale kando ya ziwa, shamba linashindana na maua yanayolipwa kwa yuro kila wiki.

Najua kidogo kuhusu kungoja. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu pesa zilikuwa na ratiba yake na masomo yalikuwa na ya kwao. Kwa hiyo sisemi hivi kuwasuta wenye uwezo wa kungoja. Ni kwamba tukitaka siku moja kuwe na chupa kumi tofauti za Naivasha, Yatta na kwingineko, tujue kinachokosekana si kipaji wala udongo. Ni mtu wa kawaida kuweza kukosea kwa miaka mitano bila kuuza shamba.

Mwisho, majina. Shosho aliiita ndibei, kama Biblia yake ya Kikuyu. Biblia ya Kiswahili inasema divai, neno ambalo kamusi zinalirudisha kwa Wafaransa. Mvinyo tulipewa na Wareno, wale wale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Zabibu ni ya Waarabu, na kwao ni zile zilizokaushwa. Tata anasema waini, kama sisi wote hapa Mountain View. Majina manne ya kinywaji, yote yameshuka melini, na hakuna tatizo. Ndivyo Kiswahili kilivyojengwa. Lakini ladha hazikushuka melini. Nathi ilikuwa pale. Thabai ilikuwa pale. Ukakasi ulikuwa pale kabla ya Mreno yeyote. Mgeni anaweza kutuletea kitu. Hawezi kutuonjea.

Jumatatu iliyofuata orodha ilikuja kama kawaida, na ndani yake, kwa bahati tu, kulikuwa na Leleshwa Sauvignon Blanc. Niliandika maneno arobaini. Nathi iliyoiva, thabai ya kuchemsha, pasheni iliyojikunja. Kunywa na tilapia. Inaisha mapema, kwa hiyo mimina tena.

Walinirudishia baada ya saa moja. Wateja wetu, wakasema, hawataelewa nathi. Tafadhali weka gooseberry.

Sikuiweka. Hiyo ndiyo sababu siku hizi nawaandikia ninyi, na sababu chupa iliyoko kwenye friji yangu sasa hivi ni moja tu. Ni ile nyeupe.